Robert Morrison na Mzigo wa Kikantoni

Siku ya Pentekoste watu wa mataifa mengi walikusanyika Yerusalemu, na kila mmoja akasikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha ya kwao. Andiko hilo tunalipenda na tunalihubiri kila mwaka. Lakini wiki hii tumwangalie mtumishi ambaye lugha ya wengine haikumshukia siku moja. Ilimchukua zaidi ya miaka 20, na njiani alizika mke na mtoto.

Robert Morrison alizaliwa tarehe 5 Januari 1782 karibu na mji wa Morpeth, kaskazini mwa Uingereza, kitinda mimba wa watoto wanane. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa kalibu za mbao za kushonea viatu, na Robert aliingia kwa hiyo kazi akiwa na miaka 14. Akiwa kazini aliweka kitabu wazi mbele yake, mikono ikichonga na macho yakisoma. Mwaka 1804 Shirika la Misheni la London lilimpokea, likamchagulia China.

Pale London alipata mwalimu, kijana Mchina aliyeitwa Yong Sam-tak, mwenyeji wa Canton, mji tunaouita leo Guangzhou. Inasimuliwa kwamba siku moja Morrison alitupa motoni karatasi yenye maandishi ya Kichina baada ya kuyakariri. Mwalimu alikasirika, kwa sababu kwao maandishi yanaheshimiwa, akakataa kufundisha siku tatu nzima. Tangu hapo Morrison aliandika kwenye bati linaloweza kufutwa. Wangapi wetu tumeenda kwa watu na injili mkononi, tukachoma kitu chao cha thamani bila hata kujua?

Kusafiri nako kulikuwa shida. Kampuni ya Uingereza ya East India, iliyoshika biashara yote ya Waingereza na China, haikutaka wamisionari melini. Ikambidi apitie New York, na akafika Canton Septemba 1807. Wageni walibanwa kwenye mtaa mmoja mdogo kando ya mto, tena wakati wa msimu wa biashara tu, na wake zao walikatazwa kabisa kuingia. Sheria ilitishia kifo kwa Mchina yeyote atakayemfundisha mgeni lugha. Inasemekana mwalimu mmoja wa Morrison alitembea na sumu mfukoni, ili akikamatwa ajiue kabla ya kuteswa. Hebu fikiria darasa la namna hiyo!

Sasa, kile Kichina cha vitabuni kilisomwa na wasomi kote nchini, na maofisa walizungumza Kimandarini. Lakini mvuvi, mpishi, mpagazi na mama wa sokoni pale Canton walizungumza Kikantoni. Si lugha rahisi. Neno hubadilika maana sauti ikipanda au kushuka: “maai” kwa sauti ya chini inayopanda ni kununua, na kwa sauti ya chini iliyo sawa ni kuuza. Kwa mji wa wafanyabiashara hilo si kosa dogo! Wageni wengi walijitosheleza na Kiingereza cha kuvunjavunja, na wenyeji wakawajibu hivyo hivyo. Bei walielewana, ila mambo ya moyo hayangeweza kusemwa kwa lugha hiyo. Morrison alikaa na walimu wake, akajifunza Kimandarini na Kikantoni pia.

Tarehe 20 Februari 1809 alimwoa Mary Morton huko Macau, na siku hiyo hiyo ile Kampuni iliyomnyima nafasi melini ikamwajiri kuwa mkalimani kwa pauni 500 kwa mwaka. Tuseme ukweli, hapa pana jambo gumu. Kampuni hiyo ilifaidika na kasumba iliyolimwa India na kuingizwa China, na Morrison alikula mshahara wake. Bila kazi hiyo hangeruhusiwa kukaa. Wengine wanamtetea, wengine wanamlaumu, na mimi naona wote wana la kusema.

Mzaliwa wao wa kwanza, James, alikufa siku aliyozaliwa, mwaka 1811, na baba akamzika mlimani. Kazi haikusimama. Julai 1814, kwenye chemchemi karibu na bahari, alimbatiza Cai Gao, Mprotestanti wa kwanza wa China. Hiyo ilikuwa miaka saba baada ya kufika. Biblia nzima ya Kichina, aliyoitafsiri akisaidiwa na William Milne, ilitoka mwaka 1823. Kamusi yake kubwa ilikuwa juzuu sita. Katikati ya hayo, Juni 1821, kipindupindu kilimchukua Mary. Ilishindikana kumzika pamoja na James, na Wakatoliki hawakutoa nafasi kwao, ndipo Kampuni ikanunua kipande cha ardhi. Sisi Wakenya tunamkumbuka Krapf, aliyemzika Rosine wake Mombasa mwaka 1844 kisha akarudi kwa kamusi yake ya Kiswahili.

Alipoenda Uingereza mwaka 1824, angeweza kupumzika na kusifiwa. Badala yake alifungua madarasa ya Kichina London, na nyumbani kwake akafundisha wanawake, jambo ambalo halikuwa kawaida. Mmoja wao, Mary Ann Aldersey, baadaye alifungua shule ya wasichana huko Ningbo.

Kisha akarudi. Mwaka 1828 alichapisha huko Macau msamiati wa Kikantoni wa sehemu tatu: kutoka Kiingereza, kutoka Kikantoni, na ya mwisho ya misemo ya watu. Mtu aliyekwisha kutoa Biblia na kamusi alikaa chini kuandika maneno ya jikoni na sokoni, ili mgeni anayefuata aweze kuongea na jirani.

Alifariki Canton tarehe 1 Agosti 1834, akiwa na miaka 52. Waliobatizwa kwa kazi yake yote walikuwa kama kumi hivi. Mwili ulipelekwa Macau kwa maji, akazikwa kando ya Mary. Mwana wao John Robert alishika kazi ya ukalimani ya baba yake, na mwaka 1843 naye akazikwa papo hapo.