Bayazid Ansari wa Kaniguram

Katika milima ya Waziristan Kusini, nchi ya Wapashtuni iliyo leo ndani ya Pakistan, upo mji mdogo uitwao Kaniguram. Wenyeji wake, Waburki, wana lugha yao mbali, Kiormuri, ijapokuwa wamezungukwa na wasemao Kipashto. Humo ndimo alimokulia Bayazid bin Abdullah Ansari. Wafuasi wake walimwita Pir Roshan, maana yake Sheikh wa Nuru. Maadui zake wakamwita Pir Tarik, Sheikh wa Giza. Yafaa tutazame maisha yake kwa insafu, tusimpende kwa pupa wala tusimchukie kwa kusikia.

Alizaliwa Jalandhar, katika Punjab, karibu na mwaka 931 Hijria (1525 Miladia). Mwaka 1526 Babur alimshinda Sultani Ibrahim Lodi huko Panipat, na dola ya Wamoghuli ikasimama katika Bara Hindi. Jamaa zake Bayazid wakarudi Kaniguram, ambako baba yake alikuwa mwanachuoni. Bayazid alifanya biashara ya farasi na kusafiri nchi za mbali. Kisha akajitenga kwa ibada, na alipotoka akajitangaza kuwa pir, kiongozi wa njia. Baba yake mwenyewe alimpinga. Ikambidi auhame mji, akaenda kulingania makabila ya upande wa Peshawar na Tirah.

Jambo kubwa alilolifanya ni kitabu chake, Khayr al-Bayan, alichokiandika kwa lugha nne: Kiarabu, Kiajemi, Kihindi na Kipashto. Zama hizo elimu ya dini ilikuwa ikiandikwa kwa Kiarabu na Kiajemi, na mchungaji wa milimani hakuwa na fungu humo. Bayazid akazitungia herufi sauti za Kipashto zisizokuwamo katika Kiarabu.

Lakini aliwataka murid wamtii pir utiifu usiokuwa na swali, na hapo ndipo wanavyuoni walipomkamata. Mkali wao alikuwa Akhund Darweza. Naye, ili apate kumrudi, hakuwa na budi kuandika kwa Kipashto kitabu chake Makhzan al-Islam. Hivyo hasimu naye akaipita njia ile ile aliyoifungua Bayazid.

Wafuasi wake walishika silaha juu ya dola ya Mfalme Akbar. Bayazid alipokufa, mwanawe Jalaluddin aliendeleza vita mpaka akauawa, na mjukuu wake Ahdad akauawa mwaka 1626. Mwisho wa mambo, baadhi ya kizazi chake waliingia katika utumishi wa wafalme wale wale. Upanga haukubakisha kitu. Kalamu ndiyo iliyobakisha. Khayr al-Bayan, kilichodhaniwa kuwa kimepotea, kilionekana nakala yake Ujerumani, kikapigwa chapa Peshawar mwaka 1967.

Ndugu msomaji, shika mawili katika habari hii. Anayetaka kuwafundisha watu na awasemeze kwa lugha waijuayo, kwani elimu isiyofahamika haimwongoi mtu. Na anayeitwa kumfuata mtu na aulize dalili kwanza, hata kama mwitaji ni mfasaha na mwenye ibada nyingi. Kwani ufasaha hupamba haki na hupamba batili vile vile.

Wabillahi tawfiq.