Helen Keller: Mkono Uliokuwa Kinywa na Sikio

Mwanafunzi wa isimu hufundishwa mapema kwamba lugha ni mfumo wa sauti nasibu ambao jamii hukubaliana kuutumia kwa mawasiliano. Fasili hiyo imekaririwa katika mihadhara mingi, na aghalabu hatuoni dosari yake mpaka tukutane na mtu ambaye haimhusu. Mmoja wa watu hao ni Helen Keller wa Marekani. Mwanamke huyu aliishi miaka zaidi ya 86 bila kusikia wala kuona, ilhali aliandika vitabu zaidi ya 10, akahitimu chuo kikuu na kuzunguka dunia akitetea haki za watu wenye ulemavu. Makala haya yanayasimulia maisha yake kwa jicho la lugha, na hasa swali lililomwandama tangu utotoni hadi uzeeni: je, maneno aliyoyatoa yalikuwa yake kweli?

Helen alizaliwa tarehe 27 Juni 1880 katika mji wa Tuscumbia, jimbo la Alabama. Babaye, Arthur Keller, alikuwa amepigana katika jeshi la majimbo ya kusini, kisha akawa mhariri wa gazeti. Mamaye aliitwa Kate. Mwezi wa Februari 1882, mtoto akiwa na umri wa miezi 19, alishikwa na homa kali ambayo madaktari wa siku hizo hawakuitambua barabara. Homa ilipopoa, macho na masikio yalikuwa yamekwenda nayo. Maneno machache aliyokuwa ameanza kuyatamka yalififia, isipokuwa sauti moja isiyo kamili aliyoitumia kuomba maji.

Wengi hudhani kwamba tangu hapo Helen alikaa kimya kama jiwe hadi alipopata mwalimu. La hasha! Mtoto huyu alijibunia ishara zake. Alipotaka mkate, aliigiza kukata na kupaka siagi. Alipotaka aiskrimu, alijitetemesha kama mtu aliyepatwa na baridi. Kumvuta mtu kulimaanisha njoo, na kumsukuma kulimaanisha nenda. Inasemekana ishara hizo zilifikia takriban 60, na aliyezielewa sana ni Martha Washington, bintiye mpishi wa nyumba ile. Hata hivyo, ishara hizo zilitosheleza haja za papo hapo tu. Helen aligusa midomo ya watu akahisi inacheza, akaichezesha yake bila kupata jibu, na hapo akapandwa na hasira za kupiga mateke na kulia hadi kuchoka.

Kate Keller alikuwa amesoma katika kitabu cha Charles Dickens kuhusu Laura Bridgman, msichana asiyeona wala kusikia aliyefundishwa lugha katika Taasisi ya Perkins mjini Boston. Mwaka 1886 wazazi walimpeleka Helen kwa daktari wa macho mjini Baltimore, naye akawaelekeza kwa Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, ambaye alikuwa pia mwalimu wa viziwi. Bell aliwashauri wamwandikie Michael Anagnos, mkuu wa Perkins. Anagnos alimtuma Anne Sullivan, msichana wa miaka 20 aliyekuwa na matatizo ya macho kwa sababu ya trakoma. Sullivan alikuwa amejifunza alfabeti ya vidole kwa kuzungumza na Laura Bridgman mwenyewe, ambaye bado aliishi pale. Hivyo maarifa yalipita kutoka mkono hadi mkono.

Sullivan aliwasili Tuscumbia tarehe 3 Machi 1887. Mara moja alianza kumwandikia Helen maneno kiganjani, herufi baada ya herufi. Mtoto aliyaiga upesi, lakini kuiga si kuelewa. Kwa majuma kadhaa alichanganya neno la kikombe na neno la maji yaliyomo ndani yake. Kwake yote mawili yalikuwa sehemu ya tendo la kunywa. Tarehe 5 Aprili mwalimu alimpeleka kwenye pampu, akauweka mkono mmoja wa Helen chini ya maji yaliyokuwa yakibubujika, na katika mkono wa pili akaandika neno la maji. Hapo mtoto alimaizi kwamba misogeo ile ya vidole ilikuwa jina la kile kitu baridi, na kwamba kila kitu kina jina lake. Kabla ya jua kutua alikuwa amejifunza takriban maneno 30.

Kisa hicho husimuliwa sana. Kisichosimuliwa mara nyingi ni uamuzi uliofuata, ambao una mafunzo makubwa kwa walimu wa lugha. Sullivan aliona kuwa mtoto mchanga hafunzwi lugha kwa orodha za maneno. Husikia sentensi kamili za watu wazima na kuziokota kidogo kidogo. Basi aliacha masomo ya kupangiwa saa, akawa anazungumza na kiganja cha Helen kutwa kucha kama mama azungumzavyo na mwanawe, kwa sentensi kamili, hata zile ambazo mtoto hakuzielewa bado.

Fauka ya vidole, Helen alijifunza breli, akaandika kwa kalamu ya risasi juu ya ubao wenye mifuo, na baadaye akapiga taipureta. Mwaka 1890 Sarah Fuller alimpa masomo 11 ya matamshi, naye akajifunza pia kuwasikia watu kwa kugusa midomo na koo zao. Sauti yake haikupata kuwa wazi kwa wageni, jambo lililomsikitisha maisha yake yote. Leo wataalamu huita mseto wa njia kama hizi mawasiliano ya nyongeza na mbadala: mtu hutumia njia yoyote inayomfikisha, na huziunganisha kadiri ya haja yake.

Mtihani mkubwa ulimfika mapema. Mwaka 1891 alimtungia Anagnos hadithi fupi kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, nayo ikachapishwa. Punde ikagunduliwa kuwa ilishabihiana mno na hadithi ya mwandishi Margaret Canby. Ilielekea kwamba Helen alisomewa hadithi hiyo kiganjani mwaka 1888, akaisahau, kisha ikamrudia akidhani ni yake. Mwaka 1892 msichana huyu wa miaka 11 aliketishwa mbele ya watu wanane wa Perkins, wanne wenye kuona na wanne wasioona, akahojiwa huku mwalimu wake akiwa ametolewa chumbani. Kura ziligawanyika nusu kwa nusu, Anagnos akamuunga mkono, ingawa baadaye aligeuza msimamo. Canby mwenyewe alimtendea mtoto kwa upole. Lakini jeraha lilibaki: kwa muda mrefu Helen alipoandika, hata barua kwa mamaye, alihofu kwamba sentensi ile huenda ni ya mtu mwingine. Ni nani kati yetu ambaye hakuazima maneno yake kwa waliomtangulia? Tofauti ni kwamba sisi hatushtakiwi kwa hilo.

Shaka hiyo ilimfuata hadi vyuoni. Alipofanya mtihani wa kuingia Radcliffe mwaka 1899, Sullivan hakuruhusiwa kuwapo. Maswali yalinakiliwa katika breli ya Kimarekani, na alama zake za aljebra zilitofautiana na zile za breli ya Kiingereza alizozizoea, hivyo akataabika si haba. Hata hivyo alifaulu, na mwaka 1904 akawa mtu wa kwanza asiyeona wala kusikia kupata shahada ya kwanza, tena kwa heshima. Tawasifu yake ilikuwa imeshatoka mwaka 1903. Suala la mifumo mingi ya maandishi ya wasioona halikumtoka akilini. Alipigania mfumo mmoja, na mwaka 1932 Uingereza na Marekani zilikubaliana kuhusu breli sanifu ya Kiingereza.

Helen alipojiunga na chama cha Kisoshalisti na kuandika juu ya umaskini, mhariri wa gazeti moja la Brooklyn aliyewahi kumsifu alidai kuwa makosa yake yalitokana na upungufu wa maumbile. Helen alimjibu kwa ukali na kwa kejeli. Alivyoona yeye, alisifiwa aliposema yaliyopendeza, akakumbushwa ulemavu aliposema yaliyokera.

Haifai kumsawiri kama malaika. Mwaka 1915 aliunga mkono hadharani daktari aliyeacha mtoto mchanga mwenye kasoro nyingi afe bila kupasuliwa, akidhani akili ya mtoto huyo haingekua. Yeye aliyeponea chupuchupu kuhesabiwa hana akili alimpimia mwingine kwa kipimo kile kile. Doa hili halifuti mema yake, lakini mwanafunzi makini hana budi kuliona.

Tangu mwaka 1924 alilitumikia shirika la Marekani la wasioona. Anne Sullivan alifariki tarehe 20 Oktoba 1936. Waliodai kuwa Helen alikuwa mwangwi wa mwalimu wangetarajia anyamaze. Hakunyamaza. Mwaka 1938 alichapisha shajara aliyoiandika katika miezi ya msiba ule. Kati ya 1946 na 1957 alizuru nchi 35 akiandamana na Polly Thomson, Afrika Kusini ikiwemo mwaka 1951. Mswada wake juu ya maisha ya Sullivan uliteketea nyumba yake iliposhika moto mwaka 1946. Akaanza upya, na kitabu kikatoka mwaka 1955. Jibu la swali la maneno ni ya nani lilikuwa limepatikana. Helen alifariki tarehe 1 Juni 1968.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inaitaka Serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Kifungu cha 120 kinaiweka Lugha ya Ishara sambamba na Kiswahili na Kiingereza Bungeni. Sheria imekwisha kupanua maana ya lugha. Fasili zetu darasani ndizo zinazosuasua nyuma. Iwapo mwanafunzi mwenzetu anaandika kwa breli, anazungumza kwa mikono au anaonyesha picha kwa kidole, wajibu wetu wa kwanza ni ule ambao wazee wanane wa Boston walishindwa kuutimiza kwa kauli moja: kumsadiki kwamba anayesema ni yeye.