Ernest Everett Just, Mtaalamu Aliyeliheshimu Yai

Askari afanyaye doria katika pwani ya Kismayo, au katika visiwa vya Wabajuni kama Koyama, Chovai na Chula, anamfahamu vyema yule mnyama wa miiba ajibanzaye mwambani, maana maji yakipwa humchoma mguu. Pengine asilolijua ni kwamba mayai ya wanyama wa jamii hiyo yamewafunza wataalamu jinsi uhai unavyoanza. Miongoni mwa wataalamu hao, leo tunamweleza Mmarekani Mweusi, marehemu Ernest Everett Just.

Just alizaliwa Charleston, Carolina ya Kusini, tarehe 14 Agosti 1883. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mdogo, akalelewa na mama yake, mwalimu. Mwaka 1907 alihitimu Chuo cha Dartmouth kwa heshima kubwa, akaenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Tangu 1909 alitumia majira mengi ya kiangazi katika maabara ya bahari ya Woods Hole, na mwaka 1916 akapata shahada ya udaktari Chicago.

Wakati ule wengi walilidhania yai kuwa kitu kilicholala, kikingoja mbegu ya kiume ikiamshe. Just alionyesha kwamba yai lina kazi yake: mbegu moja ikishaingia, badiliko huenea juu ya uso wa yai zima na kuzizuia nyingine, mithili ya walinzi wafungao lango. Alisisitiza pia kwamba yai lililotunzwa vibaya halitoi ushahidi wa kweli. Kwa hiyo hapana budi vyombo viwe safi na joto la maji lipimwe.

Vyuo vikuu vikubwa vya Wazungu wa Marekani havikumpa nafasi kwa sababu ya rangi yake. Kuanzia 1929 alifanya utafiti Naples, Berlin na Ufaransa, na mwaka 1939 akatoa kitabu chake mashuhuri juu ya uso wa seli. Mwaka 1940, Wajerumani walipoivamia Ufaransa, alizuiliwa kambini kwa muda, kisha akarejea kwao. Alifariki Washington tarehe 27 Oktoba 1941.

Mwaka 1978 alizaliwa Uingereza mtoto wa kwanza ambaye mimba yake ilitungishwa maabara, na hapo utunzaji wa yai ukawa jambo la kila familia isiyo na mtoto. Hewa ya kawaida ina oksijeni kiasi cha asilimia 21, ilhali ndani ya mirija ya uzazi ni kidogo zaidi. Oksijeni ikizidi huzaa chembe kali zinazolidhuru yai, kama chumvi ya bahari ilavyo bunduki isiyopakwa mafuta. Ndiyo maana maabara nyingi huishusha hadi asilimia 5, na watafiti hujaribu antioksidanti, yaani vitu vinavyozima ukali huo.

Vidonge vya antioksidanti huuzwa pia kwa wanawake wanaotafuta mtoto. Hata hivyo, ushahidi kwamba vinawasaidia kupata mtoto ungali hafifu, wala hakuna kidonge kiwezacho kurudisha nyuma umri wa yai.

Basi ndugu aliyekosa mtoto asimlaumu mkewe, wala asimalize mshahara dukani. Waende hospitali wote wawili wakapimwe. Just alilichunguza yai kwanza, ndipo akatoa hukumu.