Fahrenheit: Yatima aliyevipatanisha vipimajoto

JINA la Daniel Gabriel Fahrenheit hutajwa kila siku duniani watu wanapopima joto, lakini wachache wanafahamu kuwa mwenye jina hilo aliwahi kuwa yatima aliyesakwa na walezi wake mwenyewe.

Alizaliwa Mei 24, 1686 katika mji wa bandari wa Danzig, ambao leo ni Gdansk nchini Poland. Agosti 14, 1701 wazazi wake wote wawili walifariki dunia baada ya kula uyoga wenye sumu.

Kijana huyo wa miaka 15 alipelekwa Amsterdam, Uholanzi, kujifunza biashara. Moyo wake, hata hivyo, ulivutwa na utengenezaji wa vyombo vya kupimia. Walezi waliposhindwa kumrudisha katika biashara, waliomba akamatwe na kupelekwa kwa meli katika makoloni ya Asia.

Fahrenheit akawa mtu wa safari. Mwaka 1708 alifika Copenhagen, Denmark, na kujifunza kwa mnajimu Ole Rømer, aliyekuwa amebuni kipimo chake cha joto.

Wakati huo kila fundi alichora mistari yake kwenye kioo. Vipimajoto viwili ndani ya chumba kimoja viliweza kutoa majibu mawili, hivyo namba ya mji mmoja haikuwa na maana katika mji mwingine.

Mwaka 1714 alimpatia Profesa Christian Wolff wa Halle, Ujerumani, vipimajoto viwili vya pombe vilivyosoma sawasawa. Baadaye alipata sifa zaidi kwa kutumia zebaki, ambayo hupanda na kushuka kwa ulinganifu kuliko pombe.

Aliweka sifuri kwenye mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi, 32 kwenye barafu na maji, na 96 kwenye joto la mwili. Mwaka 1724 Royal Society ya London ilimpokea kuwa mwanachama.

Alifariki dunia Septemba 16, 1736 mjini The Hague akiwa na miaka 50, bila mke wala mtoto.

Leo nchi nyingi hutumia kipimo kilichotokana na kazi ya Anders Celsius wa Sweden ya mwaka 1742, huku Marekani ikibaki na cha Fahrenheit. Zebaki nayo inaondolewa hospitalini chini ya Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, kutokana na sumu yake.

Hata hivyo, daktari anayepokea mgonjwa kutoka hospitali nyingine na kuiamini namba ya homa iliyoandikwa kwenye cheti, anavuna alichopanda fundi huyo.