Mwalimu na biashara ya muziki

Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Nyerere Burito, alizaliwa Butiama mwaka 1922 na kusoma Mwisenge, mjini Musoma. Akiwa Rais, aliunda wizara ya utamaduni mwaka 1962. Mwaka 1965 Serikali ilichukua redio, ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi nyingi zilikuwa za mashirika ya umma: mwanamuziki alilipwa mshahara, vyombo vya mwajiri. Redio ilirekodi nyimbo, lakini santuri zilitengenezwa Nairobi, na faida ya kiwanda ikabaki huko. Aling'atuka mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki mwaka 1999. Mkulima wa pamba wa Bunda anaielewa hesabu hiyo: zao lake, kiwanda cha mwingine.