Wavell Aliiona Njaa kwa Macho Yake

Sisi walimu wa historia aghalabu humtaja Archibald Wavell mara moja tu: jemadari Mwingereza ambaye majeshi yaliyokuwa chini ya amri yake, wakiwamo askari wetu wa KAR, yaliwang'oa Waitalia kutoka Ethiopia mwaka 1941. Kwa maoni yangu, siku zake chache mjini Calcutta zinastahili kufundishwa zaidi ya vita hivyo.

Wavell alizaliwa Colchester mwaka 1883, akapoteza jicho huko Ypres mwaka 1915. Tarehe 20 Oktoba 1943 aliapishwa kuwa Makamu wa Mfalme, yaani gavana mkuu wa India yote, cheo alichoondolewa mwaka 1947, miaka mitatu kabla ya kufariki.

Wakati huo jimbo la Bengal lilikuwa likiteketea kwa njaa. Wajapani walikuwa wameiteka Burma, mchele wake haukuja tena; kimbunga cha Oktoba 1942 kiliharibu mavuno, na bei ikampita maskini mbali. Tangu Agosti gazeti la The Statesman lilikuwa limechapisha picha za waliokuwa wakifa barabarani. Hata hivyo, mtangulizi wake, Linlithgow, hakwenda kujionea. Alitosheka na taarifa za maofisa!

Wavell hakumaliza hata juma moja Delhi. Alikwenda Calcutta, akazunguka usiku bila kujitambulisha, akawaona mafukara wamelala kando ya njia; akafika pia Midnapore, kulikopigwa na kimbunga. Papo hapo akaamuru jeshi lisafirishe chakula hadi wilayani. Kisha akaiomba London nafaka, mara baada ya mara, naye Churchill na baraza lake la vita wakasita, wakitaja uhaba wa meli.

Lakini nisimpambe kupita kiasi. Mwaka 1942, yeye mwenyewe akiwa Amiri Jeshi Mkuu wa India, mashua za Bengal zenye uwezo wa kuchukua zaidi ya watu 10 zilitwaliwa au kuharibiwa kwa maelfu, zisije zikaangukia mikononi mwa Wajapani. Mvuvi akakosa chombo. Mkulima akakosa njia ya kufikisha mpunga sokoni. Je, kabla ya amri ile kutolewa, nani alimwuliza mwanakijiji wa delta atakula nini? Njaa hiyo iliua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni mbili na tatu. Wavell alipowasili, watu wengi walikuwa wamekwisha kufa, na maradhi yaliendelea kuua hata mwaka 1944.