Askofu Lucas na jando la Wakristo

Kanisa la kwanza lilikaribia kugawanyika kwa sababu ya tohara. Matendo ya Mitume sura ya 15 inaeleza jinsi mitume na wazee walivyokutana Yerusalemu, wakasikilizana, wakaamua kwamba waamini wa mataifa wasitwishwe mzigo huo. Lakini katika sura ya 16, Paulo yuleyule aliyeupinga mzigo huo anamtahiri Timotheo kwa ajili ya Wayahudi wa sehemu zile. Tohara haikuokoa mtu, lakini watu wake walikuwa na thamani.

Suala hilo lilizuka pia kusini mwa nchi yetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alishuka Lindi na watu waliokombolewa utumwani, wakaelekea bara kwa miguu, wakajenga Masasi. Wenyeji walikuwa na jando lao. Ndani yake mlikuwa na tohara na mafunzo ya utu uzima, lakini pia matambiko na nyimbo za matusi. Je, Mkristo ampeleke mwanawe?

William Vincent Lucas, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1883, alifika Masasi akiwa padri kijana, miaka michache baada ya misheni kuchomwa moto katika vita vya Maji Maji mwaka 1905. Aliona jinsi marufuku ilivyowaumiza watoto. Aliyezuiwa alibaki msungo, asiyehesabiwa mtu mzima hata akiota ndevu. Aliyekwenda kwa siri alirudi na mafundisho mengine, ama ya mizimu ama ya Uislamu. Kwa vyovyote kanisa lilikuwa linampoteza.

Lucas hakuamua peke yake. Aliketi na mapadri wenyeji, waliojua jando kutoka ndani, na hata wao hawakuwa na kauli moja. Hatimaye likapatikana jando la Kikristo. Kumbi ikabarikiwa, msalaba ukasimamishwa, sala zikachukua nafasi ya matambiko, na wari wakafundwa imani pamoja na adabu. Unyago wa wasichana ulikuwa mgumu zaidi, maana siri zake zilikuwa mikononi mwa makungwi, si mapadri.

Mwaka 1926 akawa askofu wa kwanza wa Masasi. Wapo walioona analegeza imani, lakini hakurudi nyuma. Alistaafu mwaka 1944, akafariki mwaka uliofuata. Jando lile liliendelea bila yeye.

Wapendwa, nasi tunabishana kuhusu matanga, ngoma, mahari na mila nyingine. Wengine hupenda kuruhusu yote, wengine kukataza yote, na zote mbili ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kuketi na wanaoijua mila, kupepeta, na kuuliza: tukishaamua, mtoto huyu atasimama wapi? Parokia isiyouliza swali hilo inaweza kushinda ubishi ikampoteza mtoto.